Mbwa Wetu na Jirani Zetu: Maswali Mliyotuuliza

Tulipoandika juu ya minyoo ya watoto, tulitegemea kupata maswali ya minyoo. Badala yake, zaidi ya nusu ya maswali mliyotuletea yalihusu mbwa. Je, mbwa afungwe au aachwe? Jirani yangu ana mbwa watano na hana ua, nifanye nini? Mbwa akimng'ata mtoto, nani alipe gharama za hospitali? Mwanzoni tulidhani ni mambo ya ugomvi wa majirani tu, yasiyofaa ukurasa wa afya. Baadaye tumeona kwamba tulikosea, na tunawaeleza sababu.

Katika kijiji kimoja tunachokifahamu, jioni moja ya wakati wa mavuno, mbwa aliwang'ata watoto wawili. Hakuwa mbwa koko. Alikuwa na mwenyewe na jina lake, Simba, na watoto wa mtaa ule walikuwa wamezoea kucheza naye. Msichana aling'atwa mguuni, nyama ikaonekana, damu ikatoka nyingi. Bibi yake alimkalisha kwenye bomba la maji, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakiosha kile kidonda kwa muda mrefu huku mtoto akilia na majirani wakimwambia bibi kwamba anamtesa mjukuu wake. Kesho yake alfajiri walikuwa njiani kwenda hospitali ya wilaya. Mvulana, ambaye alikuwa na miaka tisa, alipata mkwaruzo mdogo tu wa jino kwenye kiganja. Alipakwa mafuta ya taa, akafungwa kitambaa, na wakubwa wakasema, "Huyu mbwa tunamfahamu, si kitu." Siku mbili zilizofuata wakubwa hao hao walizimaliza wakibishana na mwenye mbwa juu ya nani alipe nauli ya yule msichana, maana mwenye mbwa alidai watoto ndio waliomchokoza. Mbwa mwenyewe alipotea, na hakuna aliyemtafuta.

Baada ya wiki saba mvulana alianza kusema kwamba mkono unamwasha na kumchoma mahali palepale palipokuwa na mkwaruzo, ambao ulikuwa umekwisha kupona na kusahaulika. Ikafuata homa. Kisha akashindwa kumeza maji. Hata kikombe kikiletwa tu, koo lilimkaza na mwili wote ukashtuka. Wazazi walimpeleka hospitali, lakini hapo hapakuwa na la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Alifariki siku ya nne. Msichana yuko shuleni mpaka leo, na kovu lake mguuni.

Ugonjwa huu ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote hupata ugonjwa kutoka kwa mbwa. Virusi vyake vimo katika mate. Jino likitoboa ngozi, au mate yakiingia katika kidonda kibichi, jichoni au mdomoni, virusi hushika mishipa ya fahamu na kusafiri polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au mwaka mzima. Aliyeng'atwa usoni au kichwani hana muda mrefu, kwa sababu njia ni fupi. Virusi vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaonekana, hakuna dawa. Ndiyo maana tunasema kazi yote lazima ifanyike katika siku zile ambazo mtoto anaonekana mzima kabisa, anacheza na anakula.

Kazi ya kwanza haihitaji daktari wala fedha. Ni kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, papo hapo, hapo nyumbani, kabla ya kutafuta nauli. Virusi hivi vina utando wa mafuta, na sabuni huuharibu utando huo kama inavyoondoa mafuta kwenye sufuria. Sabuni yoyote inafaa, ya mche, ya unga au ya kuogea. Maji yatiririke, yasiwe ya kwenye beseni moja yanayorudiwa rudiwa. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri. Tazameni saa, au mtu akae na redio hapo karibu, vinginevyo mtaosha dakika mbili na kuridhika. Baada ya hapo pakeni spiriti au iodini kama ipo. Msipake mafuta ya taa, pilipili, tumbaku, majivu wala manyoya ya mbwa aliyeng'ata. Tumeyasikia yote hayo, na yote yanafanya jambo moja, yaani kuwafanya watu waamini kwamba matibabu yamekwisha. Pia msikimbilie kukishona kidonda. Mwacheni mganga aamue.

Kazi ya pili ni chanjo, siku hiyo hiyo au kesho yake. Wengi bado wanaogopa zile sindano nyingi za tumboni walizosimuliwa na wazee wao. Ni kweli zilikuwepo, lakini zilitokana na chanjo ya aina ya zamani. Chanjo ya sasa huchomwa mkononi. Kwa utaratibu unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018, ikichomwa ndani ya ngozi, mtu hurudi mara tatu, yaani siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na baada ya siku 7. Ikichomwa kwenye msuli, sindano huwa nne na huchukua muda mrefu zaidi. Kidonda kikitoa damu, au mtu akilambwa mate kwenye kidonda kibichi, mganga aweza kuongeza dawa ya pili ya kinga inayochomwa ndani ya kidonda chenyewe. Wajawazito na watoto wachanga wanapewa chanjo hii bila hofu. Jambo linalotuumiza ni kwamba wapo wanaopata sindano ya kwanza, kidonda kikapona, wakaacha kurudi. Kupona kwa kidonda hakuonyeshi chochote juu ya virusi.

Tunajua pia kwamba chanjo haipatikani kila zahanati, na pengine mtu huambiwa aende mbali zaidi, na kwamba bei yake huwashinda wengi. Hatuna jibu rahisi. Tunachoweza kushauri ni hiki: msisubiri mpaka mtu ang'atwe ndipo muulize. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wafuatilie mapema ni hospitali gani ya karibu inayo chanjo ya binadamu, na habari hiyo itangazwe. Na familia inapokwama nauli usiku, jumuiya ichange usiku huo huo. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya msiba; ni afadhali fedha hizo zitangulie.

Sasa tuje kwa mbwa aliyeng'ata. Wengi humwua palepale kwa hasira, wakamtupa. Kama mbwa ana mwenyewe na anaweza kufungwa bila kuhatarisha mtu, ni bora afungwe na kutazamwa kwa siku 10, akipewa chakula na maji. Mbwa mwenye virusi katika mate siku ya kung'ata ataugua au atakufa kabla siku hizo hazijaisha. Akiwa mzima siku ya kumi, basi hakuambukiza, na mganga aweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini angalieni: chanjo ya mtu inaanza siku ya kwanza, haingoji siku ya kumi. Kama mbwa ameshakufa au ameuawa, bwana mifugo apewe habari kabla ya kumzika, maana kichwa chake chaweza kupelekwa kupimwa. Asichunwe, asishikwe kwa mikono mitupu.

Msitegemee kumtambua mbwa mgonjwa kwa povu tu. Wengine huwa wakali, wanang'ata mawe, miti na hewa, wanakimbia mbali na kwao, na sauti ya kubweka inakuwa kama imepasuka. Lakini wengine hunyamaza. Hujificha gizani chini ya kitanda au ghala, taya linalegea, mate yanadondoka, na mwenyewe hudhani mfupa umemkwama kooni. Huyu wa pili ndiye tunayemwogopa zaidi, kwa sababu watu wenye huruma huingiza mkono mdomoni kuutafuta mfupa. Hata mbwa mkali aliyekuwa haguswi, akiwa mpole ghafla, ni dalili ya kutilia mashaka. Na ugonjwa huu hauishii kwa mbwa: paka, ng'ombe, mbuzi, punda na bweha huupata. Ng'ombe aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa akaanza kuugua, asichinjwe kwa ajili ya nyama, na maziwa yake yasinywewe.

Lile swali la nani alipe lilikuja mara nyingi kuliko yote. Maoni yetu ni kwamba mwenye mbwa analipa. Hata kama mtoto alimrushia jiwe. Mtoto wa miaka sita hana akili ya kupima hatari, na mwenye mbwa ni mtu mzima aliyechagua kufuga. Lakini malipo yafuate tiba, yasiitangulie. Tumeona familia zikikataa kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu "mwenye mbwa hajatoa fedha", kana kwamba mtoto ni dhamana ya deni. Mpelekeni kwanza, tunzeni stakabadhi, kisha mkae na mzee wa mtaa.

Kuhusu kufunga au kutofunga mbwa, hata sisi tunaoandaa ukurasa huu hatukukubaliana kwa urahisi. Mmoja wetu alikulia kwenye boma la wafugaji, ambako mbwa hufuata mifugo mchana kutwa na kulala mlangoni usiku. Kumfunga mbwa huyo ni kumnyima kazi yake. Mwingine anaishi mjini, mahali ambapo njia ya watoto kwenda shule inapita kati ya nyumba sita zenye mbwa. Tulichokubaliana ni kwamba mahali penye watu wengi, mbwa asizurure barabarani. Ua ndio jawabu bora. Asiye na ua amfunge, lakini si kwa mnyororo wa hatua mbili juani tangu asubuhi hadi usiku. Mbwa wa namna hiyo huwa mwenye hofu na hasira, na akikatika siku moja humrukia wa kwanza anayekutana naye, ambaye mara nyingi ni mtoto. Awekewe kamba ndefu au waya wa kuteleza, kivuli na maji, na afunguliwe kila siku akiwa na mtu. Yeye pia ni kiumbe, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumtesa.

Hapo hapo tuseme juu ya desturi ya kumlisha mbwa pilipili au bangi ili awe mkali. Pilipili inamchoma tumbo, bangi inamlevya, na hakuna hata moja inayomfundisha kutofautisha mwizi na mjumbe wa nyumba kumi. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayekula vizuri nyumbani, anayewajua watu wake na anayebweka anapoona mgeni. Kubweka ndiko kunakokuamsha wewe, kung'ata hakuhitajiki. Mpe ugali wa dagaa, makombo, mifupa mikubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika kama sindano na kumtoboa tumboni.

Wasomaji wetu wa pwani wametukumbusha jambo ambalo sisi wa bara hulisahau. Kwa jirani zetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na mbwa akigusa chombo au nguo ya sala, inambidi mwenye chombo akitakase kwa taratibu zake. Basi mbwa wako anapolamba ndoo ya jirani uani kwake, humletei kero ndogo. Mzuie. Halafu nenda ukaombe radhi wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Juu ya watoto wa mbwa tunasikitika. Mbwa jike hubeba mimba kwa miezi miwili tu, huzaa watoto watano, sita au zaidi, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wenyewe huchagua dume mmoja wa kubaki naye, na wengine hutiwa kwenye mfuko na kuachwa sokoni, dampo au, tusione haya kusema, karibu na uwanja wa kanisa, kwa matumaini kwamba padre au masista watawaokota. Wanaopona ndio mbwa koko wa mwaka kesho. Mwombeni bwana mifugo awahasi madume, na kama kuna daktari wa mifugo anayeweza, majike nao wafungwe kizazi. Kuna hofu kwamba dume aliyehasiwa haachi tu kuzurura bali anaacha na ulinzi. Si kweli, anaendelea kubweka na kulinda, tena anakaa nyumbani zaidi. Kama huwezi kuhasi, mfungie jike ndani kwa muda wa wiki tatu anapokuwa kwenye joto. Ni kazi ngumu, maana madume ya mtaa mzima yatalala mlangoni kwako, lakini ni fupi kuliko kulea watoto saba usiowataka.

Wengine wameuliza kwa nini serikali isiwapige risasi au kuwatilia sumu mbwa wote wanaozurura, mambo yakaisha. Jambo hilo limejaribiwa sehemu nyingi, na kichaa cha mbwa hakikuondoka. Wanaouawa ni pamoja na wale waliokwisha kuchanjwa, nafasi yao hujazwa na watoto wapya wasiochanjwa, na sumu huua pia kuku na nguruwe, pengine hata mtoto. Kinachouondoa ugonjwa ni chanjo ya mbwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, virusi hukosa mahali pa kuruka kutoka mbwa hadi mbwa, na ugonjwa huzimika kama moto uliokosa kuni. Kisiwa cha Pemba kilifanya hivyo: chanjo za mbwa zilirudiwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kisiwani, wakarudi kuchanja, ukatoweka kwa mara nyingine. Kwa hiyo si jambo la mwaka mmoja. Mbwa anayetoka nje ya kijiji na mbwa anayeletwa kutoka nje ndio wanaourudisha.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na wilaya nyingi huutumia wakati huo kuchanja. Tarehe hiyo ni ya kufariki kwake Louis Pasteur, yule Mfaransa ambaye mwaka 1885 alimchanja kwa mara ya kwanza mtoto aliyeng'atwa, Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa, umri ule ule wa mvulana wetu. Yeye alipona. Siku ya chanjo ikitangazwa kanisani au na mwenyekiti wa kijiji, pelekeni mbwa wote, hata wadogo ambao bado wananyonya, na paka pia. Wadogo watarudiwa baadaye, na wakubwa kila mwaka. Msiwatume watoto wadogo wakiburuta mbwa wakubwa kwa kamba ya katani. Mahali pa chanjo pana mbwa wengi wasiojuana, na ndipo ugomvi unapoanza. Aende mtu mzima. Karatasi ya chanjo iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwa sababu siku mbwa wako akimng'ata mtu ndiyo ya kwanza kuulizwa. Hata hivyo, karatasi hiyo haimzuii aliyeng'atwa kwenda kuosha na kumwona mganga.

Minyoo tuitaje kwa ufupi. Mnapochinja, msimtupie mbwa maini au mapafu yenye malengelenge ya maji. Choma au zika kabisa. Ndani ya malengelenge hayo mna mbegu za tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa, na mayai yake yakimwingia mtu kwa mikono michafu humwotesha uvimbe mkubwa kwenye ini. Ugonjwa huu umewasumbua sana watu wa Turkana, na kwetu unajulikana sehemu za wafugaji. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila anapoonana na bwana mifugo, kinyesi chake kifukiwe, na watoto wanawe mikono baada ya kumchezea.

Swali la mwisho lilitoka kwa mwanafunzi wa darasa la tano: akikutana na mbwa asiyefungwa njiani, afanye nini? Mwanangu, usikimbie, mbwa hufukuza kinachokimbia. Simama wima, mikono ikae ubavuni, usimkazie macho, wala usipige kelele. Akinusa, mwache anuse. Akitulia, rudi nyuma polepole. Akikurukia, mpe mfuko wa madaftari aung'ate badala yako, na ukianguka, jikunje kama mpira, ufunike shingo na masikio kwa mikono. Usimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, hata kama ni wa kwenu. Na akikung'ata, hata kama ni mkwaruzo tu, hata kama wewe ndiye uliyeanza kumrushia mawe, mwambie mama au baba siku hiyo hiyo. Tumewaomba hapa, mbele ya wasomaji wote, wasikuchape.